Lambo Lilipotakata

Yona alizaliwa katika kambi ya wakata mkonge karibu na Maramba, mtoto wa Wabena waliotoka mbali kutafuta kazi. Shamba la mkonge lilipokufa, familia ilibaki, na lambo la shamba likabaki nao.

Miaka mingi maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walilima nyanya hadi ukingoni, na kila mvua ilishusha udongo na mbolea. Yona, mwenyekiti wa kamati ya maji, aliwaandama wakulima hao mpaka wakaondoka. Alichukiwa, hakujali.

Ukame ulipokuja, udongo ukazama na maji yakatakata. Watu wakampongeza. Kisha uso wa lambo ukageuka kijani, mzito kama rangi ya mlango.

Loveness, afisa mifugo, alikuja kuyapima maji. "Shikamoo, mzee Yona. Ng'ombe wasinywe hapa."

"Marahaba. Uchafu si tuliufukuza?"

"Mlifukuza tope, mbolea ikabaki humo humo. Tope lilikuwa linaziba jua. Sasa jua linapenya, na mwani, kijani hiki mnachokiona, unashiba mbolea yenu. Huu una sumu."

"Basi mzee, turudishie tope letu," akasema jirani yake, Wilfred. Watu wakacheka.

Yona aliziba njia ya lambo kwa miiba. Alikuwa sahihi kuhusu tope, lakini usahihi huo haukutosha.

Nyumbani walikuwa na ng'ombe mmoja, Neema. Maziwa yake ndiyo yaliyowalisha. Ritha, mkewe Yona, alichoka kumbebea maji kutoka kisima cha mbali. Kambini, alikokulia yeye pia, ukoga wa pipa la mvua uliondolewa kwa tawi, na maji ya chini yakanywewa. Akasogeza miiba, akasukuma kijani kando kwa tawi la mwarobaini, akamwacha Neema anywe.

Alasiri Neema alitetemeka, akaanguka, akafa.

Wilfred na wenzake walifika na visu. "Nyama isipotee, mzee. Tutaichemsha sana."

"Sumu hii haitoki kwa kuchemsha," akasema Yona, aliyekwisha kuona miiba imesogezwa.

"Hata nyama unaitungia sheria?"

Ritha alikuwa amekaa mlangoni. "Wape, baba. Angalau mtu ale."

Yona alimwaga mafuta ya taa juu ya mzoga mbele ya wote, akachukua jembe, akaanza kuchimba shimo. Hakuna aliyemsaidia.