Vanishi ya Kibao cha Ndaya

Jirani yangu Ntambwe hanusi kitu. Miaka aliyofanya kazi kwenye mabirika ya asidi, katika kiwanda kimoja ambacho siku hizi kimejaa nyasi, ilimmaliza pua. Unaweza kuunguza maharage mbele yake naye akaendelea kukueleza habari za kanisani. Mimi nimeunguza, najua.

Kiwanda kilipofungwa, mkewe Ndaya ndiye aliyemtoa njaani. Ndaya alikuwa mwandishi wa mabango. Saluni, maduka ya dawa, makanisa: nusu ya maandishi mnayoyaona hapa Dilala ni ya mkono wake, na mengine ni ya watu waliomwiga vibaya. Yeye aliandika. Mumewe alipiga randa mbao, akapaka rangi ya chini, na mwisho akapitisha vanishi juu ya herufi ili jua na mvua visizile. Na kabla hajaipitisha, kila mara, alimpelekea Ndaya chupa ainuse.

Msishangae. Vanishi huku kwetu inauzwa sokoni ndani ya chupa za maji ya kunywa, hazina karatasi wala jina. Iko ya mafuta, ambayo inatulia vizuri juu ya maandishi. Iko pia ile kali, inayokauka upesi, na ikigusa rangi ya mafuta, dakika chache tu inaikunja. Kwa macho zote ni kama chai nyepesi. Pua ndiyo inayozitenganisha, na pua ya nyumba ile ilikuwa ya Ndaya.

Basi Symphorien, yule anayevusha watu kwenye ziwa la Nzilo, akaagiza kibao cha jina la mashua yake mpya: TUTAFIKA. Ndaya akaandika herufi nyeupe, akazitia kivuli chekundu. Alipomaliza A ya mwisho aliosha brashi, akainama kupuliza makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, akaanguka. Damu ilikuwa imempanda kichwani. Tangu siku ile upande wake wa kulia haufanyi kazi, na mdomo wake hautoi neno. Akitaka maji anagonga kikombe cha bati kwa kijiko. Akitaka kugeuzwa anagonga vilevile.

Sasa mnaelewa kibao kile kilikuwa nini. Mabango yake mengine yako barabarani yanakula vumbi la malori ya madini, na kila mwaka wenye maduka wanayafuta. Hiki ndicho kilichokuwa cha mwisho kutoka mkononi mwake. Ntambwe hakutaka kukificha, maana Ndaya alikuwa amemuahidi Symphorien, na yeye mwenyewe alitamani herufi zile zitembee majini watu wazisome. Lakini bila vanishi zingekwisha kwa msimu mmoja wa mvua.

"Mama Blandine," aliniambia, "hii nikiiharibu, hakuna tena mutu wa kuiandika. Njo imeisha."

Alikuwa analia. Nikamfungia mikate michache ya moto, ile ninayokaanga kuuza, akale.

Symphorien alivumilia sana, siwezi kumsema. Mwishowe akaja na pikipiki, akasimama mlangoni kwa adabu. "Tata, Jumapili pasteri anakuya kuombea mashua. Sitaweza kuiingiza mu mayi bila jina."

"Kuya kesho muchana," Ntambwe akamjibu. "Utaikuta."

Akaenda sokoni. Muuzaji wake wa siku zote alikuwa amehamia Fungurume, na mezani pake amekaa kijana anayeitwa Samy.

"Hii ni verni ya mbao?" Ntambwe akamuuliza.

"Ya mbao, tata. Bamenuizye bote banapakala nayo bitanda."

Wala hakusema uongo, ndiyo maana nashindwa hata kumtukana vizuri. Maseremala wanaipaka kweli, ile kali, kwenye vitanda na viti. Lakini kitanda hakina herufi za rangi ya mafuta.

Nilimuuliza baadaye kwa nini hakumpa Ndaya anuse. Akasema daktari alikataza harufu za nguvu, zinamkohoza. Halafu akaongeza, "Sikutaka kumuomba kitu, mama. Amenitumikia sana. Ilikuwa zamu yangu." Huruma gani hiyo! Umeegemea pua ya mtu miaka yote, siku amelala unaona aibu kumsumbua anuse chupa moja.

Asubuhi, kabla malori hayajaanza kupita, alimwaga maji uani ili vumbi litulie. Akaweka kibao juu ya vigoda viwili, chini ya dirisha la Ndaya, akaanza na T.

Brashi ilikuwa inavuta. Vanishi ya mafuta huteleza, hii ilishika. Aliona, akajidanganya kwamba ni baridi ya asubuhi. Ndani kikombe kikaanza kugongwa.

"Minakuya, mama," akasema bila kugeuka. Vanishi huachi katikati, ukisimama inaweka mstari.

Kikombe kikazidi. Nilikisikia mimi upande wangu wa ukuta, juu ya mlio wa mafuta ya mikate, nikasema leo Ndaya ana kiu.

"Minakuya, inabakia kidogo."

Akapitisha kwenye F, akapitisha kwenye I. Kikombe kikaanguka sakafuni, kikabiringika. Alipomaliza A ya mwisho aliweka brashi chini, akaingia na jagi la maji.

Ndaya alikuwa amejivuta hadi ukingoni mwa kitanda, jasho linamtoka. Akalisukuma jagi. Akainua mkono wa kushoto, akajigusa pua. Akajigusa tena.

Sauti aliyotoa Ntambwe ndiyo iliyonirusha ukuta. Nilimkuta uani juu ya kibao, ameshika kitambaa, nikamkamata mkono, maana angefuta angeondoa herufi zote. T ilikuwa imekunjamana kama utando wa maziwa ya moto, wekundu umeingia kwenye weupe. Kisha U. Zilikwenda kwa zamu ileile aliyozipaka.

"Simamisha, mama," akaniambia, kana kwamba ninaweza.

A ya mwisho ilikuwa bado nzima. Tulisimama tunaiangalia, mimi nikiomba Mungu kwa Kiluba, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote. Nayo ikajikunja.

Alipokiinua kibao kukipeleka ndani, nilimwambia asimwonyeshe.

"Yeye alijua mbele, mimi nyuma," akajibu.

Akakilaza mapajani mwa Ndaya. Ndaya akapitisha mkono wa kushoto juu ya herufi, moja baada ya nyingine, hadi mwisho. Rangi ilikuwa laini, ikamganda vidoleni. Hakulia. Aliviinua vidole vile, akavipeleka puani kwa mumewe, akaviacha pale, anasubiri.

Ntambwe akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, macho amefumba.

"Niko nasikia, mama," akamwambia. Hakusikia harufu yoyote, na Ndaya alikuwa anajua.