Nilifuta namba za shangazi kwenye utafiti wangu wa cosmic rays, kumbe jua ndilo lililobadilika

Wakuu, habari za majukumu.

Humu nimekuwa msomaji kwa muda mrefu, na nikiandika huwa ni kumbishia mtu. Leo naleta la kwangu. Sijaongeza chumvi, na sehemu zinazoniaibisha nimeziacha zilivyo.

Mimi ni mtu wa fizikia. Wakati huo nilikuwa namalizia masters, nimepanga chumba Pasua, hapa Moshi. Nikiambiwa maziwa yamechemka, nafunua sufuria kwanza. Tabia hii imeniharibia mahusiano mawili na grupu moja la WhatsApp la ukoo.

Utafiti wangu ulikuwa wa cosmic rays.

Kwa wasiojua: kuna chembe zinatoka mbali sana angani, kwenye nyota zilizolipuka na sehemu nyingine ambazo hata wataalamu bado wanabishana. Zinagonga hewa huko juu, zinavunjika, na vipande vyake vinatunyeshea muda wote. Tangu uanze kusoma uzi huu vimeshakupitia vingi. Huumwi, huhisi kitu. Ukipanda mlima vinaongezeka, maana hewa ya kuvizuia inapungua.

Nilitengeneza sanduku la kuvihesabu. Lilikuwa moja tu, na lilihitaji kukaa juu mlimani miezi kadhaa kwenye nyumba yenye umeme na mtu makini.

Nina shangazi Rombo, juu ya mji wa Mkuu. Anaitwa Mama Aika, mjane, ana kihamba cha migomba na kahawa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Watafiti wamemzoea. Wamepita kwake wa udongo, wa popo, wa magonjwa ya kahawa, na mmoja aliyekuja kupima kelele za vyura. Nilipofika na sanduku hakuuliza la nini. Aliuliza, "Hili linakula nini?"

Nikamwambia umeme kidogo.

"Afadhali. La vyura lilikuwa na mtu wake wa kulala nalo."

Tukaliweka stoo. Kadi ya kumbukumbu iliungua wiki ya kwanza, na nyingine sikupata. Tukakubaliana hivi: kila siku saa moja asubuhi kioo kinaonyesha hesabu ya saa ishirini na nne zilizopita. Yeye anaandika kwenye daftari. Jumapili akitoka misa ananipigia kwa kitochi chake, anasoma namba, mimi naingiza kwenye laptop.

Alisoma vizuri kuliko watangazaji wengi. Tarakimu moja moja, halafu anarudia.

Wiki za mwanzo namba zilipanda na kushuka kidogo, kama inavyotakiwa.

Kisha Jumapili moja akanisomea kitu cha ajabu. Jumanne namba imeporomoka. Jumatano imeshuka zaidi. Kuanzia Alhamisi inapanda taratibu, lakini mpaka Jumamosi haijarudi ilipokuwa.

Nikacheki presha ya hewa, maana ikibadilika hesabu nayo inabadilika. Presha ilikuwa kawaida.

Sasa, wiki hiyo jirani yake alikuwa amefiwa. Nilijua kwa sababu shangazi mwenyewe aliniambia alikuwa kwenye kundi la wapishi kuanzia Jumanne mpaka wakazika Jumamosi.

Mnaona nilikoelekea. Mtu yuko msibani siku tano. Namba mbovu siku tano. Hitimisho likaja lenyewe, na mimi mkagua masufuria nikalipokea bila kufunua.

Nikampigia.

"Shangazi, zile siku za msiba, saa moja ulikuwa nyumbani kweli?"

"Unauliza au unasema?"

"Nauliza tu. Kama ulikadiria, hakuna shida, niambie."

"Na ng'ombe alikuwa anakamuliwa na marehemu?"

Akakata.

Jumapili iliyofuata hakupiga. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Binti yake Aika akanitumia ujumbe kwamba sanduku limezimwa, limefunikwa kitambaa, nikitaka nilifuate.

Nikajiambia data ninayo ya kutosha. Nikafuta zile namba tano, nikaweka wastani wa wiki zilizotangulia. Sikuandika popote kwamba nimebadilisha. Wakuu, nililala vizuri kabisa.

Nikapeleka kazi kwa supervisor wangu. Tumwite Dokta. Ni mama mpole asiyepandisha sauti hata akikufelisha. Akaweka kidole kwenye mchoro.

"Wiki hii hapa," akasema, "jua lilitema wingu kubwa la gesi na sumaku. Likifika huku linazisukuma pembeni cosmic rays kwa siku kadhaa. Vituo vingi duniani vilishuka. Cha kwako kimenyooka kama rula. Kwa nini?"

Hapo nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, kusema umeme ulikatika. Mlimani kwetu hakuna ambaye angebisha. Nilishafungua mdomo.

Nikasema la pili. Nikamweleza yote, mpaka ng'ombe.

Hakugomba. Akauliza, "Daftari lipo?"

"Analo shangazi."

"Nataka kuona kurasa hizo kabla ya Ijumaa. Zikikosekana, sura ya matokeo inatoka yote, maana sitajua ni wapi pengine umenyoosha. Na sababu nitaiandika mimi."

Bila sura hiyo hakuna digrii. Kesho yake asubuhi nikawa Rombo.

Njiani kutoka barabarani nikakumbuka kwamba kwa Wachagga mkosaji huenda na jani la isale kuomba msamaha. Mimi mambo ya mila huwa nayabishia, lakini siku hiyo sikuwa na hali ya kubisha. Nikakata moja, nikaingia nalo uani, nikampa shikamoo.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Kisha akalitazama jani.

"Umelitoa wapi?"

"Pale kwenye uzio."

"Uzio upi?"

Nikageuka kuangalia. Ulikuwa mpaka wa kihamba chake.

"Kwa hiyo umeniletea jani langu," akasema. Aika akakimbilia jikoni, nikamsikia anacheka huko.

Nikamweleza habari ya jua. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Jua likatema."

"Likatema."

"Sanduku likaona."

"Likaona, shangazi."

"Na mimi nikaandika."

"Ukaandika."

"Na wewe msomi ukafuta."

"Nikafuta."

Akanawa mikono, akaleta daftari. Namba tano zilikuwepo, kwa mwandiko uleule uliosimama wima, na pembeni ya kila moja ameandika saa. Siku ya mazishi ameandika saa moja na dakika mbili, na chini yake: "Nimechelewa, ndama."

Daftari hakunipa. Alisema lile la zamani, alilokuwa akiandikia vipimo vya mvua, lilichukuliwa na mtafiti mmoja mpaka leo halijarudi. Picha ningepiga, ila kwanza niandike pembeni, kwa mkono wangu, nilichokifanya. Nikaandika: "Namba hizi nilizifuta kwa kudhani zimebuniwa. Ni sahihi." Nikasaini. Akasoma, akasema niweke na jina la baba.

Picha hizo ziko kwenye kiambatisho cha tasnifu yangu. Dokta alinilazimisha kurudia kuhakiki namba zote, simu kwa simu, na shangazi akanisomea upya daftari zima. Siku ya kutetea kazi, mtahini mmoja alinishikilia nusu saa nzima kwenye ule mwandiko wa pembeni. Nilipita, na masahihisho mengi.

Nilichojifunza: kumtilia mtu shaka ni kazi, inataka kupima. Mimi sikupima. Kumpigia Aika kuuliza mama yake alikuwa wapi saa moja kungenichukua dakika moja.

Nilipompelekea shangazi nakala, nilimwonyesha jina lake kwenye sura ya tatu, ile ya njia za utafiti. Akauliza sura ya pili ina nini. Nikamwambia ni kazi za wataalamu wa nje, waliotangulia.

"Na hao nao uliwapigia kuwauliza kama walikuwa nyumbani?"

Mliowahi kufanya utafiti, mtaani au maabara, leteni ya kwenu hapa chini. Na anayeona shangazi alinionea, aseme. Nitamsomea Jumapili, akitoka misa.