Hodi Kwenye Shamba la Filda

Kasisi Swaka alikuwa akipiga hodi kwenye mashamba. Sisemi kwenye nyumba zilizo katikati ya mashamba; nasema ukingoni mwa muhogo wenyewe, mahali pasipo na mtu wala kuku. Alishuka kwenye baiskeli, akasema hodi, akasubiri kidogo, ndipo akavuka. Mwanzoni nilidhani ni uzee. Nilipomuuliza, alisema kila shamba lina mwenyewe, hata akiwa sokoni.

Maisha ya kukaa kwenye ardhi ya wengine aliyajua tangu utotoni. Alizaliwa upande wa Yei, Sudan Kusini, akaletwa Koboko, huku Uganda, mgongoni mwa mama yake wakati wa vita vya kwanza vya Sudan, akarudi kwao kijana, akawa kasisi wa Kanisa la Episkopali. Huko aliwahi kufungwa wiki tatu kwa sababu kila Jumatatu alikwenda kambini kwa askari kuwauliza waumini wake watatu wako wapi. Hakujibiwa. Mwaka 2016 vita vilimrudisha Uganda akiwa na mkewe Emilia, mwana wao Loro na ile baiskeli. Walipewa mahali pa kujenga Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Koboko.

Nilimjua hapo. Mimi hufundisha Koboko, na baada ya masomo nilikuwa nikimchapia barua zake. Nyingi zilihusu wakimbizi walionyimwa njia ya kisimani, au wenyeji ambao miti yao ilikatwa na wakimbizi. Aliandika kwa ajili ya wote, kisha akazipeleka mwenyewe hadi kwenye ofisi za serikali za Arua Hill, mjini Arua, akakaa kwenye benchi mpaka mtu amwone.

Emilia alikufa kwa malaria mwaka 2018, mvua ikiwa nyingi na mahali pa kuzikia wakimbizi pamejaa maji. Filda, mjane mwenyeji aliyekuwa akiuza ufuta pamoja naye, alitoa kona ya shamba lake. Alitoa kwa mdomo, mbele ya jeneza. Swaka alipiga hodi, akaingia, akamzika mke wake. Mwaka uliofuata Loro alipata kazi ya ujenzi, akalijengea kaburi saruji na kuandika jina la mama yake kwa msumari kabla haijakauka.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwetu kaburi la saruji lina nguvu kuliko karatasi. Watu wakigombania ardhi barazani, swali la kwanza ni nani wako amelala pale. Loro alilijua hilo. Alianza kwa mistari miwili ya mahindi kando ya kaburi. Baada ya misimu mitatu ilikuwa nusu eka, na alisema ni ya mama yake. Shemeji za Filda, ambao walikuwa wakitafuta sababu tangu kaka yao afe, walisema mjane huyu anagawa ardhi ya ukoo kwa wageni, basi afunge mizigo arudi kwao. Filda alikuwa amepita miaka sitini. Kwao hakukuwa tena na mtu.

Swaka hakungoja kuitwa. Siku ya baraza alisimama mbele ya wote akasema kaburi ni lake, ardhi ni ya Filda, na mwanawe arudi nyuma. Mwenyekiti wa kijiji, Alionzi, alicheka kwa masikitiko.

“Kasisi, miaka tisa mimi iko kwa hii kiti,” alisema. “Wewe ni mutu wa kwanza kushitaki kaburi ya bibi yake.”

Watu walicheka. Kisha Alionzi akasema neno ambalo halikumchekesha mtu: maneno ya kasisi ni mazuri, lakini kasisi atakufa na maneno yake, na saruji itabaki. Wajukuu wa Loro watakuja kuionyesha.

Asubuhi iliyofuata Swaka alikwenda na nyundo. Filda alimsihi aache, akasema yuko tayari kuhama. Hakumsikiliza. Alipiga hodi, akavua koti, akavunja saruji kuanzia upande wa miguu. Jina aliliacha mwisho. Loro alisimama barabarani na rafiki zake.

“Mama alizikwa na kasisi,” alisema, kwa sauti ya kusikika, “leo kasisi huyo huyo anamfukuza.”

Hakusema na baba yake tena. Alihamia Arua, na hata baba yake alipokuja kulazwa hospitalini huko hakufika.

Filda alibaki na shamba lake. Swaka alimwomba alime mpaka pale pale palipokuwa na kaburi, shemeji zake wasipate la kusema, naye akapanda muhogo huku akilia. Muhogo ulipokua, hakuna aliyejua tena kaburi lilikuwa wapi hasa. Nilimwona mzee mara nyingi ameshika baiskeli ukingoni. Alisema hodi, akasubiri, kisha akageuza baiskeli. Hakuvuka tena shamba lile.

Mwaka jana figo zake zilichoka. Filda alisafiri hadi hospitali ya Arua na kuku wa kupikwa, akamwambia mbele yangu kwamba mahali pake kando ya Emilia papo, atapatafuta hata kwa kung'oa muhogo wote. Swaka alimshukuru, akashika mkono wake kwa muda mrefu, akakataa. Kaburi moja, alisema, lilikuwa limetosha kumsumbua Filda. Aliomba azikwe uani kwa kanisa, Koboko, bila saruji, na alipokufa ndivyo tulivyofanya.

Siku ile hospitalini, Filda alipotoka kuosha vyombo, mzee aliniita karibu. Nilidhani kuna barua.

“Mwalimu, kama unapita kwa Filda, piga hodi kwanza. Alafu ambia Emilia mimi iko Koboko. Asingoje mimi.”