Ukurasa Niliokata kwa Wembe

Alhamisi, mwezi wa nne, 1967. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakatika saa tatu, na soko la Suna likabaki matope matupu.

Nilitandaza gunia langu la vitabu vikuukuu kama kawaida, wembe mfukoni. Sisi wauzaji tulikuwa na desturi: kitabu kikiwa na majina ya watu ukurasa wa mbele, unaukata. Mnunuzi wa kawaida akiona jina huuliza, "Hiki ni cha marehemu au cha wizi?" halafu huyo, anaenda zake. Mwalimu mmoja mstaafu, mkusanyaji wa vitabu vya zamani, ndiye peke yake aliyetaka vilivyoandikwa. "Wewe kinyozi," alizoea kunitania, "acha kunyoa vitabu!" Nilicheka tu. Sijui kama ningemsikiliza hata leo, maana watoto wangu walikula kwa wale wanunuzi wengine.

Mchana akaja mama mmoja kutoka kisiwa cha Mfangano, amesafiri siku mbili. Shemeji yake alikuwa ameniuzia kitabu cha nyimbo cha marehemu mumewe. Shemeji simlaumu, alikuwa na mgonjwa nyumbani, na kusoma hakujua.

"Mwalimu, ndicho hiki!" akasema. Mimi si mwalimu, niliishia darasa la nne. Akakifungua, akapitisha kidole pale palipokatwa.

"Kulikuwa na karatasi hapa. Baba yao aliandika watoto wetu watatu. Wa katikati aliishi miezi minne tu. Hana picha, hana cheti. Jina lake lilikuwa hapa, basi."

Kurasa nilizokata nilikuwa nikimpa jirani yangu, mama muuza njugu, afungie njugu zake. Tukamkimbilia.

"Karatasi ya juzijuzi?" akacheka. "Imeenda na njugu! Kwani mtu akimaliza kula huipeleka benki?"

Nikamweleza. Akatandika leso, akamwaga vifurushi vyake vyote vya njugu. Tukafungua karatasi moja moja, sisi watatu. Halafu tukainama kwenye matope, tukaokota karatasi zilizotupwa na kuzigeuza, mpaka soko likaisha. Haikuwepo.

Kitabu nilimrudishia bure, lakini hicho hakikuwa kitu. Nikatoa kalamu. "Nitajie, mama, niandike upya hapa nyuma." Pengine nilikuwa najitafutia nafuu mimi mwenyewe, sijui. Alikubali. Wa kwanza akamtaja jina na siku ya kuzaliwa. Wa mwisho pia. Wa katikati alitaja jina, kisha akasita.

"Siku yake alikuwa akiijua baba yao," akasema.

Nikaandika jina, pembeni nikaacha wazi. Mwandiko wangu mbaya, herufi zinalala huku na huku. Aliutazama kwa muda, akasema asante, na asante ile sikuistahili.

Magari ya Homa Bay, njia ya kurudi kwao, yalikuwa yameshaondoka, kwa hiyo nikampeleka kwetu alale. Mke wangu aliongeza unga sufuriani. Tulikula ugali wa mtama na mboga ya osuga, mnavu wa kwetu, iliyotiwa maziwa. Mgeni alikula kidogo sana.