Mutobe Uliotungoja

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa huko Butembo, mtu asiyeijua pombe hata kwa harufu. Sasa kaka yangu, kati ya wasichana wote wa milimani, akampenda binti wa mama mjane aliyesifika ng'ambo ya mji wa Kirumba kwa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Wakatoliki, tena wapika pombe! Nilicheka hadi nikafukuzwa jikoni.

Siku ya kwenda kuposa ikapangwa. Yule mjane, kwa adabu yake, akatuma habari kwamba sisi Waprotestanti tutakamuliwa mutobe, yaani maji matamu ya ndizi ambayo hata watoto hunywa. Maana desturi ya kule haina mchezo: anayekuja kuposa hunywa kwenye kibuyu cha nyumba ile, mbele ya ukoo. Asipokunywa ameikataa nyumba, na binti hapewi.

Tukachelewa. Askari walifunga barabara, tukakaa siku kadhaa juu ya kamyo lililobeba viazi bila kuelezwa lolote. Kwetu vita mara nyingi vilikuwa hivyo, kungoja tu. Njia ilipofunguliwa tukapanda mlima kwa miguu.

Mjane alitupokea vizuri, akatutembeza shambani. Akatuonyesha shimo ambamo ndizi huivishwa chini ya majani makavu, na mtumbwi wa mti ambamo hukanyagwa pamoja na nyasi mpaka zitoe maji. Nyuki walikuwa wengi. Nilifurahi, nikauliza maswali mpaka kaka akanikanyaga mguu. Lakini migomba haikuwa na ndizi hata moja. Askari walikuwa wamepita, wakakata mikungu yote, mibichi kwa mibivu.

Ndani, ukoo ukiwa umeketi, mjane alileta kibuyu, akaonja yeye kwanza, kisha akashindwa kumtazama baba.

"Papa, mutuhurumie," akasema. "Tulikamua mutobe yenu, juu tunajua hamukunywaka pombe. Lakini njia ilifungwa, na kinywaji ya mugeni hatutupake inje. Sasa imekuwa kasiksi."

Na ndizi nyingine za kukamua hazikuwapo. Kaka aliinamisha kichwa. Nilimhurumia mno. Baba akanyoosha mikono yote miwili.

"Lete, mama. Mulikamulia sisi."

Akanywa bila kukunja uso, akarudisha kibuyu kikiwa chepesi. Mlango wa chumba ukafunguliwa, binti akatoka kutusalimu.

Jumapili iliyofuata baba alisimama kanisani, akasema mwenyewe kwamba alikunywa. Habari za barabara hakuzitaja, wala za askari. Nilitamani kupiga kelele. Sheria ni msumeno, wazee wenzake wakasema, wakamtenga na Meza ya Bwana na kumwondoa kwenye kiti chake cha mbele. Basi hata siku ya harusi ya mwanawe aliketi kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, peke yake. Hilo sijawasamehe mpaka leo.

Mjane alikuwa hajawahi kukanyaga kanisa letu. Aliingia amejifunga kikwembe kipya kiunoni, na mhudumu mmoja akamwonyesha nafasi ya mama wa bibi harusi, mbele kabisa.

"Na papa wa bwana harusi, anaikala wapi?" akauliza.

Mhudumu akaonyesha kule mlangoni. Mjane akageuka, akairudia njia yote ya katikati watu wakimtazama, akaketi kando ya baba.