Jina la Mtoto wa Kukhu Lilipotea na Blogu Yangu ya Bure

Nimekosa, na sitaki mtu aniambie ati mimi ni mtoto, sikujua. Nilijua! Nilionywa na mtu ambaye hata simu ya kubonyeza ilikuwa inamshinda.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Tunakaa mjini, mtaa wa Shieywe, lakini kwa kukhu, nyanya yangu, ni kijijini Malinya. Mimi huwa siongei. Wageni wakija naingia jikoni. Mwalimu akinisimamisha darasani nasahau hata jina langu. Ndiyo maana naandika.

Likizo moja tulikuwa tunachambua mboga na kukhu, sisi wawili tu. Akaniambia, "Mwana wanje, mwanangu, kabla ya baba zako kuzaliwa nilizika watoto wawili. Babu yako ameenda, sasa hakuna anayewajua. Siku yangu ikifika, wataje mbele ya watu. Jina lisipotajwa, nani atampa mtoto atakayezaliwa?"

Akanitajia majina yao, nikaandika yote kwenye daftari. Halafu hofu ikaniingia, kwa sababu ndugu zangu wanapekuanga vitu vyangu! Nikamuuliza binamu yangu Brayo, anayejifanya anajua mtandao.

"Fungua blogu. Ni bure. Weka jina la uongo, nani atakujua?"

"Na ikipotea?"

"Ipotelee wapi, wewe? Hiyo kitu ni ya wazungu!"

Nikafungua. Hata barua pepe nikatengeneza ya jina la uongo, na sikuiangalia tena. Nikanakili kila neno. Daftari nikawashia jiko, karatasi moja moja, nikijiona mwerevu. Mwerevu!

Nilipomwonyesha kukhu, aliangalia kioo cha simu, akauliza, "Hapa umeniweka, shamba ni la nani?"

"La kampuni, kukhu. Wametupa bure."

"Kwani mpangaji hupanda mti?"

Nilicheka. Na mimi nilishaona! Kwenye nyumba tunayokodi, mama alipanda mgomba mmoja tu nyuma ya choo. Mwenye nyumba alikuja na panga akaukata, mama akimwangalia. Bado nilicheka.

Muhula ulipoanza nikarudi bweni, na shuleni kwetu simu ni marufuku. Kumbe kampuni imeamua kufunga blogu zote za bure. Walituma onyo mara tatu, kila mtu ahamishe vitu vyake. Walituma wapi? Kwa ile barua pepe yangu ya uongo!

Kukhu akafa muhula huo huo.

Nikapewa ruhusa. Siku ya mazishi baba mdogo akashika kipaza sauti. "Kuna mtoto hapa mama alimwachia maneno. Asimame."

Nikasimama. Mara ya kwanza maishani bila kusukumwa! Ngoma za isukuti zikanyamaza. Nikafungua simu ya mama.

Ukurasa huu haupo tena.

Nikafungua tena. Na tena. Nikasema jina moja, Muhonja, yule wa kike. La mvulana likakataa.

"Taja, mama," shangazi akanibembeleza. "Taja tu, hakuna haraka."

Halikuja. Nikakaa, na jeneza liko pale mbele yangu.

Baadaye Brayo akanijia. "Pole, lakini si ilikuwa ya bure? Utamshtaki nani?"

Nilimtupia kiti cha plastiki. Mpaka leo sijaomba msamaha, na siombi!

Kampuni nayo niliiandikia, nikaeleza kila kitu, hata kifo. Mashine ikajibu: asante kwa kuwa nasi. Kuwa nasi! Mlinifukuza na watoto wa watu ndani!

Juzi mke wa baba mdogo amejifungua mvulana. Wazee wakakaa kumpa jina, na wote wakanigeukia mimi. Nikaingia jikoni. Wametoa jina upande wa mama yake.

Wewe unayeanza kuandika, sikuambii uache vya bure, mimi pia sina kitu. Lakini weka barua pepe unayofungua kweli. Ukitoka shule, kabla hujala, pakua nakala ya maneno yako. Na daftari usichome, hata kama nyumba nzima italisoma na kukucheka.

Na ukipewa jina la mtu, litaje kwa sauti siku hiyo hiyo, mbele ya mtu mwingine. Ona haya, tetemeka, lia ukitaka. Lakini litaje!