Kiraka cha Jipsam

Kazi yangu ni kuzipa alama nyumba za zamani. Moja ni nzima, nne ni ya kuhamwa. Nimezunguka Kibondo na Kasulu nikigonga kuta kwa kidole kama mnunuzi wa matikiti, na watu wamenizoea. Wengine hunifichia nyufa kwa kalenda. Kalenda ndizo ninazozifunua kwanza.

Nyumba niliyoipenda kuliko zote ni duka la matofali mabichi mjini Kasulu, lenye mlango wa nakshi ambao baba mkwe wa mwenye nyumba aliuleta kutoka pwani. Mwenye nyumba ni bibi mjane. Chumba cha mbele anauza vitenge, cha nyuma analala. Juu kidogo ya mto wake, ukuta ulikuwa na ufa.

"Huyo mzee mwenzangu," aliniambia. "Tumeshazoeana."

Mimi nilitaka kujua kama ufa umetulia au bado unafunguka. Nikaubandika kiraka cha jipsam, kipana kama kiganja. Jipsam haivutiki, ukuta ukisogea kidogo tu, inapasuka. Nikamwambia bibi nitarudi kukitazama mvua zikiisha. Moyoni niliomba kiwe kizima, maana alikuwa ameniapia kwamba katika chumba alimoolewa hatatoka ila amebebwa.

Nikarudi. Kiraka kizima! Nilimkumbatia bibi wa watu hadi ushungi ukamvuka. Nikaandika mbili. Chai ikaletwa na mihogo ya kuchemsha, nikala kama niliyeshinda kesi.

"Nilijua utafurahi," akasema. "Kilipopasuka mara ya kwanza, roho iliniuma."

Nikaweka kikombe chini.

"Kilipasuka, bibi?"

"Mara mbili. Nikamwita fundi kutoka kijiji cha Heru Juu, akakiziba vizuri. Nikasema, mtoto wa watu katoka mbali, aje akute kazi yake imeharibika? Si ataaibika!"

Nilitaka kukasirika, nami kwa hasira sijambo, lakini kicheko kikaniwahi. Nilicheka mpaka chai ikanipalia, bibi akinipiga mgongoni bila kujua kinachonichekesha. Halafu nikautazama ule mto chini ya ule ukuta, nikaogopa kwelikweli. Nikafuta mbili, nikakiandikia chumba cha nyuma nne.

"Nne ni nzuri?" akauliza.

Nikamweleza kwamba ukuta unasogea, na kwamba kiraka kilikuwa shahidi wangu, yeye akamziba mdomo. Aliununia ukuta kwanza, kisha akaninunia mimi. Nikamwambia duka halina neno, abaki nalo; ahame chumba cha nyuma tu, leo hii. Akapapasa shuka lake. Kisha akamwita fundi wake.

"Nilisema nitatoka nimebebwa," akatuambia. "Basi bebeni kitanda. Mimi nitatembea."

Tukakisogeza hadi kati ya majora ya vitenge. Kabla ya kuondoka nikabandika kiraka kipya, nikamwapisha asikiguse.

Mvua zilizofuata, mafundi wa kuukarabati ukuta wakiwa bado hawajafika, akanipigia simu.

"Mwanangu, kiraka chako kimepasuka tena. Safari hii sijakiziba."

"Umefanya vizuri sana, bibi. Na ukuta?"

"Ukuta umelala," akasema. "Palepale nilipokuwa nikilala mimi."